Mbona babu zetu hawakulisimulia? Kusoma matetemeko ya kale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi. Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Ziwa Manyara. Tukiwa tumesimama Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mwanafunzi mmoja aliuliza kama ukuta ule ulipanda siku moja au kidogo kidogo, na kama ni matetemeko ya ardhi yaliyoupandisha, mbona babu zetu hawakutusimulia hata moja. Nimewahi kusoma kwamba wataalamu huchimba shimo kwenye ufa wakatambua tetemeko lililotokea maelfu ya miaka iliyopita, lakini nilishindwa kumweleza hilo linawezekanaje. Naomba maelezo ya kina, na kama kazi hiyo imewahi kufanyika huku kwetu.

Jibu: Ndugu Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba ukuta ule ulipanda kwa hatua, na kwamba kati ya hatua moja na nyingine hupita muda mrefu kiasi cha kuzidi kumbukumbu ya ukoo wowote. Ardhi ya pande mbili za Bonde la Ufa huvutwa polepole sana, kwa milimita chache tu kwa mwaka, lakini mwamba uliobanana kwenye ufa, yaani mpasuko mrefu unaokata ardhi, haukubali kuteleza kwa mwendo huo. Hupinda, hubeba mkazo mwaka baada ya mwaka, na siku mkazo unapoushinda msuguano, upande mmoja hushuka na mwingine huinuka kwa sekunde chache. Mshtuko huo ndio tetemeko la ardhi, na tofauti ya kimo inayobaki baada ya vumbi kutulia ndiyo hatua moja ya ukuta.

Mfano mzuri wa hatua ya namna hiyo uko Subukia, Kenya. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 liliupasua ufa wa Laikipia-Marmanet kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine pande mbili za ardhi zilitofautiana kwa kimo kinachozidi mita mbili. Fikiria njia ya ng'ombe iliyokuwa tambarare asubuhi, na ambayo baada ya dakika moja ina kizingiti kirefu kuliko mtu mzima.

Ukitaka kuwaonyesha ubaoni kwa nini wazee hawakusimulia, chukua ukuta wa mita 400 na useme kwamba kila tetemeko kubwa linauongezea mita 2. Hapo yanahitajika matetemeko 200. Wanajiolojia waliopima umri wa lava zilizokatwa na nyufa za kaskazini mwa Tanzania wameiweka awamu kuu ya upasukaji karibu na miaka milioni 1.2 iliyopita. Ukiugawa muda huo kwa matetemeko 200 unapata wastani wa miaka 6,000, ambayo kwa kizazi cha miaka 25 ni vizazi 240. Hii ni hesabu ya ubaoni, na waelezwe hivyo, kwa sababu sehemu ya chini ya ukuta imefukiwa na mashapo ya ziwa na mwendo wa ardhi haukuwa sawa nyakati zote. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba babu wa babu yake angeweza kuishi miaka 90 chini ya ukuta ule bila kuuona ukisogea. Pia isidhaniwe kwamba eneo letu limelala muda wote huo, kwa kuwa ufa si mmoja: tetemeko la tarehe 7 Mei 1964, lenye ukubwa wa 6.4, lililotikisa upande wa Mbulu na Manyara, limo ndani ya umri wa wazee walio hai, na wanafunzi wenye ndugu upande huo wanaweza kuwauliza.

Sasa tuje kwenye namna ya kuyatafuta yale yasiyosimuliwa. Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu wa matetemeko ya kale huenda kuutazama ukuta mkubwa wenyewe. Ukuta mkubwa una habari chache kwetu, kwa sababu umekusanya hatua nyingi mno, mvua imeuchimba, mawe yameporomoka, na hatua moja haiwezi tena kutofautishwa na nyingine. Tunachotafuta ni kitu kidogo kinachodharauliwa kirahisi: ngazi ya mita moja, mbili au tatu inayokata mashapo mapya chini ya ukuta, hasa pale kijito kinapotoka mlimani na kutandaza kokoto na tope kwa umbo la upepeo. Mashapo hayo yana maelfu machache ya miaka tu. Kama yamekatwa, basi tetemeko lililoyakata lilikuja baada yao, na hapo tumepata taarifa ya kwanza ya tarehe kabla hata hatujashika sululu.

Nyinyi mlio Moshi mna mfano mzuri wa kulielezea jambo hili. Mfongo wa Wachagga, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, huchimbwa kwa mwinamo mdogo sana ili maji yatembee bila kumomonyoa kingo. Kama ufa ungekatiza mfongo na kuuinua upande wa mbele kwa nusu mita, maji yangekataa kupita siku hiyohiyo, na mtu yeyote wa kijiji angeweza kupima kwa rula ardhi imesogea kiasi gani. Sisi hutafuta mifongo ya aina hiyo katika maumbile: kingo za mto wa kale, mkondo wa lava, tabaka la majivu, chochote ambacho umbo lake la awali linajulikana, ili kilivyo leo kieleze kilichokipata.

Lazima tujihadhari, hata hivyo, na vitu vinavyofanana na ngazi ya ufa. Njia za mifugo, matuta ya mashamba na mifereji iliyoachwa huacha vizingiti kwenye miteremko. Kwenye maziwa yetu kuna mtego mkubwa zaidi: Manyara na Natron yaliwahi kuwa na maji mengi kuliko leo, na mawimbi yake yalichonga fukwe ambazo sasa zinaonekana kama ngazi zilizo mbali na maji. Ufukwe wa kale hukaa kwenye kimo kilekile kulizunguka ziwa, kwa kuwa maji hulala sawa. Ngazi ya ufa haijali usawa wa maji. Hupanda kilima, hushuka korongo, hukata upepeo wa kokoto na kuendelea na safari yake. Mtu akipima kimo katika sehemu kumi kando ya ngazi moja, tofauti hiyo hujitokeza mapema, na siku chache za kutembea na kipimo huokoa fedha nyingi za kuchimba mahali pasipostahili.

Mahali pakishachaguliwa, tunachimba handaki linalokatiza ufa, yaani linaloanzia upande uliopanda, linapita kwenye ngazi na kuishia upande ulioshuka. Kwa kawaida huwa na urefu wa mita 20 au 30 na kina cha mita 2 hadi 4, na huchimbwa kwa mtambo wa kijiko pale unapoweza kufika, au kwa sululu na koleo pale usipoweza. Kuta zake huchimbwa kwa vipandio au huegemezwa kwa mbao na vyuma, kwa sababu handaki la kina hicho likiporomoka huua. Mafundi wanaochimba mashimo ya vyoo hapa Arusha hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Kisha huanza kazi ya mikono, na ningependa wanafunzi wako waione kwa karibu. Unapiga magoti mbele ya ukuta wa udongo ukiwa na mwiko wa mwashi na brashi ya rangi, ukiparua alama zote za meno ya kijiko mpaka ukuta uwe laini. Mwanzoni huoni kitu zaidi ya udongo wa kahawia. Baada ya saa moja au mbili, jua likiwa limehama na ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji kidogo, matabaka huanza kujitokeza: kokoto za ukubwa wa maharage, juu yake tope laini la kijivu, juu yake udongo mweusi wenye vijitundu vya mizizi uliokuwa uso wa ardhi zamani, kisha kokoto tena. Unapigilia misumari na kufunga kamba ili kuugawa ukuta kwa miraba ya mita moja, unachomeka vibendera vidogo vya rangi moja kwa kila mpaka wa tabaka, na unaufuata kila mpaka kwa kidole mpaka ufike mahali unapokatika. Ukiinua macho kutoka hapo utaona kwamba tabaka la juu yake nalo limekatika, na la juu ya hilo pia, kwenye mstari mmoja ulioinama. Halafu kidole kinafika kwenye tabaka ambalo limepita juu ya mstari ule likiwa zima.

Hapo ndipo tetemeko lilipo. Matabaka yaliyokatika yalikuwapo siku ardhi ilipopasuka, na tabaka zima lilitandazwa baadaye; mpaka ulio kati yao ndio uso wa ardhi uliokanyagwa siku ile. Kila ninapoufikia mpaka wa namna hiyo huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo jambo lililodumu chini ya dakika moja limehifadhiwa kwa maelfu ya miaka, bila mwandishi wala msimulizi.

Kwenye nyufa za aina yetu, ambazo upande mmoja hushuka, kuna ushahidi mwingine ninaouthamini kuliko wote. Ngazi mpya inapozaliwa, ukingo wake huwa karibu wima, na udongo hauwezi kusimama hivyo kwa muda mrefu. Katika miezi na miaka inayofuata ukingo humeguka: mabonge huanguka kwanza chini kabisa, kisha kokoto hubingirika juu yake, kisha mvua huosha udongo laini na kuutandaza mbele zaidi. Rundo hilo likikatwa na handaki huonekana kwa umbo la kabari, nene penye ufa na nyembamba kadiri linavyokwenda mbali. Ardhi ikitulia, nyasi huota juu ya kabari na udongo mweusi hujijenga. Tetemeko la pili likija, huikata kabari ya kwanza na kuanza kuijengea nyingine juu yake. Kwa hiyo kabari tatu zilizolaliana, kila moja ikiwa na udongo wake mweusi, ni matetemeko matatu, na kukomaa kwa udongo huo hudokeza kama ukimya wa katikati ulikuwa mrefu au mfupi. Unene wenyewe husema kitu pia. Kwa kawaida kabari hufikia karibu nusu ya kimo cha ngazi iliyoizaa, hivyo kabari ya mita moja huelekeza kwenye ngazi ya karibu mita mbili, yaani tetemeko la kundi la lile la Subukia na si mtikisiko wa kuangusha vikombe kabatini.

Kuhusu tarehe, njia inayotumika zaidi ni ya kaboni-14. Unakuta kipande cha mkaa chenye ukubwa wa punje ya mchele kimenasa ndani ya tope. Unakitoa kwa ncha ya kisu bila kukigusa kwa vidole, unakifunga kwenye karatasi ya alumini na kuandika namba ya mraba kilipotoka. Mmea ulio hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani, na ukifa kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, mpaka baada ya miaka 50,000 hivi inabaki kidogo mno kupimika. Tuseme mkaa wa tabaka la mwisho lililokatika una umri wa miaka 3,200, na ule wa tabaka la kwanza lililo zima una miaka 2,700. Tetemeko limo katikati, ndani ya dirisha la miaka 500. Wanafunzi wazingatie kwamba hatupimi umri wa tetemeko lenyewe. Tunapima vitu vilivyolitangulia na vilivyolifuata, kisha tunalibana kati yao, na kadiri sampuli zilivyo nyingi ndivyo dirisha linavyokuwa finyu.

Njia hii ina hila zake. Mti wa miaka 400 ukiungua, mkaa wa kiini chake una umri mkubwa kuliko moto ulioutengeneza. Mkaa unaweza kukaa mlimani karne kadhaa kabla mvua haijauteremsha kwenye tabaka tunalolichunguza. Na katika nchi hii kuna mchwa, ambao hupandisha chembe za udongo kutoka chini na kuzichanganya na za juu, huku fuko na mizizi vikifanya kinyume chake. Kwa sababu hiyo naitilia shaka tarehe yoyote iliyosimama peke yake. Tarehe tano au sita zinazopanda kwa mpangilio kutoka chini ya handaki hadi juu ndizo ninazoziamini, na ile isiyofuata mpangilio lazima ielezwe kabla ya kutupwa.

Pale pasipo na mkaa, inawezekana kupima mara ya mwisho punje za mchanga zilipoonwa na jua. Punje ya kwatzi, madini yanayopatikana kwa wingi kwenye mchanga, iliyofukiwa gizani hukusanya nishati kutokana na mnururisho hafifu wa udongo unaoizunguka. Ikimulikwa maabara huitoa nishati hiyo kama mwanga, na mwanga huo hulinganishwa na kiwango cha mnururisho wa kila mwaka ili kupata muda iliokaa gizani. Sampuli huchukuliwa kwa kugongomea bomba la chuma kwenye ukuta wa handaki na kuziba ncha zake mara moja, maana mwanga wa jua wa muda mfupi tu huifuta saa hiyo. Kwetu njia hii ina ugumu wa pekee, kwa kuwa lava za Meru, Oldoinyo Lengai na milima jirani zina uhaba mkubwa wa kwatzi, na mara nyingi inabidi kutumia feldispa, madini ambayo huvujisha nishati yake polepole na kuhitaji masahihisho.

Lakini volkano zilizotunyima kwatzi zimetupa majivu. Mlipuko ukitokea, majivu yake hutua ndani ya saa au siku chache juu ya pande zote mbili za ufa, na mchanganyiko wake wa kemia unaweza kutambuliwa maabara na kutofautishwa na wa milipuko mingine. Tabaka moja la majivu likionekana upande wa juu wa ufa, kisha likaonekana tena mita mbili chini upande wa pili, umepata kipimo cha mwendo na alama ya wakati kwa pamoja. Umri wa nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.66, ulijulikana kwa kupima majivu, na wanafunzi waliokwisha kusikia habari za nyayo hizo wataelewa haraka kwa nini tunafurahi tukiona mstari wa kijivu kwenye ukuta wa handaki.

Nirudi kwenye maneno ya mwanafunzi wako, "kidogo kidogo", kwa sababu hayakuwa makosa kabisa. Julai 2007, matetemeko mfululizo yalitikisa eneo la mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, na kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, tulitikiswa hapa Arusha, na hadi Nairobi walisikia. Vipimo vya setilaiti vilivyochambuliwa baadaye vilionyesha kwamba ufa uliteleza kwa siku kadhaa kwa mwendo wa taratibu usioelezeka kwa ukubwa wa matetemeko yenyewe, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikapenya kwenye mwamba kama ubao uliosimama wima, ikaishia chini ya ardhi bila kufika juu. Septemba mwaka huohuo Oldoinyo Lengai ukaanza kulipuka kwa nguvu. Kwa mtu anayesoma historia ya nyufa, tukio hili lina uzito mkubwa. Katika eneo lenye magma, ardhi inaweza kupasuka na kushuka kwa sentimita kadhaa bila tetemeko kubwa, na anayekuta ngazi fupi kando ya volkano asikimbilie kuiandika kama tetemeko la kale. Hutazama kama mpasuko umeendelea kwa kilomita nyingi, kama ngazi ilizaliwa kwa mara moja kiasi cha kujenga kabari nene, na kama mahandaki mawili yaliyo mbali kwenye ufa uleule yana tukio la umri uleule. Kazi hii ya kutenganisha ni ngumu zaidi hapa kwetu kuliko Marekani, na nadhani ndiyo inayolifanya eneo letu kuwa na jambo la kuwafundisha wengine.

Umeuliza kama imewahi kufanyika. Ndiyo. Huko Subukia watafiti walichimba ufa uliopasuka mwaka 1928 na kukuta kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kupasuka. Kusini-magharibi mwa Tanzania, ufa wa Kanda kwenye nyanda za Ufipa umechunguzwa kwa sababu ya ngazi yake mpya na ndefu, katika eneo lilelile la tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 lenye ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa mitambo katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu nyufa za Manyara, Natron na Eyasi zinastahili mahandaki mengi, tena mapema, kabla ngazi zilizo chini ya kuta hazijasawazishwa kwa ajili ya mashamba, barabara na nyumba za wageni. Ngazi iliyosukumwa na greda kwa asubuhi moja haiwezi kurudishwa, na pamoja nayo huondoka ushahidi ambao hakuna kitabu kinachouhifadhi.

Kwingineko kazi hii imekwenda mbali. Miaka ya 1970, mwanajiolojia wa Marekani Kerry Sieh alichimba Pallett Creek, kaskazini-mashariki mwa Los Angeles, mahali ambapo ufa wa San Andreas unakata matabaka ya mboji ya kinamasi cha zamani. Mboji ni kama kalenda, maana hukua mwaka hadi mwaka na imejaa kaboni ya kupimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 ulihesabu pale matetemeko kumi, kwa wastani wa miaka 132 kati ya moja na jingine. Ukiishia kwenye wastani huo utapotoka. Matetemeko yale yalikuja kwa makundi ya mawili au matatu, kisha ukimya wa miaka 200 hadi 300; mawili ya mwisho, la 1812 na la 1857, yalitofautiana kwa miaka 45 tu, na tangu la 1857 sehemu ile haijapasuka tena. Huko Utah, ambako ufa wa Wasatch hushusha upande mmoja kama nyufa zetu, mwanajiolojia G. K. Gilbert aliwaonya wakazi wa Salt Lake City mwaka 1883 kwa kuzisoma ngazi zilizo chini ya mlima, wakati hakuna mtu aliyekuwa na kumbukumbu ya tetemeko kubwa pale. Mahandaki yaliyochimbwa karibu miaka mia moja baadaye na kuendelea yameonyesha matetemeko makubwa yasiyopungua 22 katika miaka 6,000 iliyopita kwenye sehemu za kati za ufa huo.

Mfano wa Pallett Creek ndio jibu la swali ambalo najua wanafunzi watalifuatisha: basi lijalo ni lini? Historia ndefu hutuwezesha kusema uwezekano wa tetemeko kubwa ndani ya miaka 50 ya uhai wa daraja au hospitali ni mkubwa au mdogo kiasi gani, na ardhi inaweza kuruka kwa mita ngapi pale ufa unapopita. Mhandisi anahitaji hasa mambo hayo mawili. Siku na mwezi haviko ndani ya udongo, na anayedai kuvijua asisikilizwe.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nalisisitiza kwa kila anayesoma matokeo ya handaki: idadi inayotajwa ni ya chini kabisa, na ya kweli inaweza kuwa kubwa zaidi. Tetemeko lenye ukubwa ulio chini ya 6 kwa kawaida haliupasui uso wa ardhi. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, lakini tetemeko la namna ile halitarajiwi kuacha ngazi ambayo mchimbaji wa miaka 3,000 ijayo ataikuta. Mafuriko nayo huweza kufuta tabaka zima, na matetemeko mawili yaliyofuatana kabla tabaka jipya halijatandazwa huonekana kwenye ukuta kama moja.

Hili la mwisho unaweza kuwaonyesha darasani bila gharama. Tafuta sanduku la mbao lenye upande mmoja wa kioo, na chini yake uweke mbao mbili zilizolala bega kwa bega, moja ikiwa imeinuliwa kwa vitabu vyembamba vinavyoweza kuvutwa kimoja kimoja. Kundi la kwanza, kioo kikiwa kimefunikwa kwa gazeti, litandaze mchanga mkavu, majivu ya jikoni, udongo mwekundu uliochekechwa na unga wa mahindi, kila kimoja unene wa sentimita mbili. Wavute kitabu kimoja, ubao ushuke; wanyunyizie maji ili ukingo umeguke na kabari ijijenge; watandaze tabaka jipya. Kisha wavute vitabu viwili, kimoja baada ya kingine, bila kuweka kitu katikati, na kufunika yote kwa tabaka la mwisho. Kundi la pili liondoe gazeti, lichore ukuta kwenye daftari kwa miraba na kuhesabu matetemeko. Wengi watasema mawili. Waache wabishane mbele ya kioo, wakipima unene wa kila kabari kwa rula, kabla kundi la kwanza halijataja idadi.